Nguchiro na Mafunzo ya Kima

Zamani wanyama walikuwa na nyumba ya kuwatunzia wazee wao, na watunzaji walikuwa Nguchiro na Kima. Nguchiro ndiye aliyetangulia kazini. Basi Twiga, msimamizi wao, alipompeleka Kima mafunzoni, Nguchiro alishikwa na wivu hata chakula kikamshinda.

Kima aliporudi alimwambia, "Dada, nimefundishwa namna ya kumgeuza mgonjwa asiumie. Njoo nikuonyeshe."

"Nilianza kugeuza wazee wewe hata nyumba hii huijui," Nguchiro akajibu. "Kajionyeshe kwa wengine."

Kila mzee alipomsifu Kima, Nguchiro alinuna, na wale wa zamu yake akawageuza kwa pupa kama magunia.

Masika yalipoingia, mama yake Nguchiro alipooza miguu, akaletwa pale pale. Nguchiro akashika kumuuguza mwenyewe. Asubuhi moja alipomgeuza, mama alijikaza, lakini machozi yakamtoka.

"Mwanangu, usikasirike," mama akasema. "Niitie Kima."

Neno lile lilimchoma Nguchiro kuliko sifa zote alizowahi kusikia. Alitoka nje, akamwendea Kima.

"Mama anakutaka wewe," akasema bila kumtazama usoni.

"Mama anataka asiumie, basi," Kima akajibu. "Lala hapa mkekani nikugeuze wewe kwanza, uone inavyokuwa."

Nguchiro akasitasita, akalala.

Jioni ile mama aligeuzwa na binti yake mwenyewe, na usingizi wake haukukatika.