Maji ya Kumwogesha Mjukuu

Siku hizo chakula chote kilitoka viwandani bila vitamini hata chembe, na kila nyumba iliruhusiwa kuchagua aina moja tu ya vitamini B kwa mwaka mzima. Nyamizi, mwenye mimba changa, alisimama kwenye dirisha la ugawaji akiwa amemshika mkono mama yake, Bi Kalunde, ambaye nyayo zake zilikuwa zimeanza kufa ganzi.

"B tisa ni ya damu na ya mtoto wa tumboni, B kumi na mbili ni ya ganzi ya mama," mgawaji alisema. "Chagua, dada, wenzako wanangoja."

"Mpe ya mtoto," Bi Kalunde akadakia. "Miguu hii imeshacheza ngoma zake zote."

Nyamizi aliichukua, lakini roho ilimsuta. Kila asubuhi akawa anamgawia mama yake nusu ya kidonge chake. Na kweli, uso wa Bi Kalunde uliokuwa umepauka ukarudi kung'aa, hata majirani wakamtania, "Bibi, utaolewa tena wewe!" Nyamizi akaamini amewaponya wote wawili.

Mtoto alizaliwa mzima. Kwa desturi yao, bibi ndiye humwogesha mjukuu mara ya kwanza. Bi Kalunde akaketi kigodani, akatumbukiza mkono kwenye beseni kupima maji.

Nyamizi alifika na mtoto kifuani, akaganda mlangoni. Beseni lilikuwa likifuka mvuke, na mkono wa mama yake ulikuwa umeanza kutunga malengelenge.

"Mlete mjukuu wangu," Bi Kalunde alisema akitabasamu. "Ila maji yamepoa, mwanangu. Niongezee ya moto."