Hewa Baridi

Shati la Kaka lilikuwa na mkono mmoja. Alikuwa nalo mwilini tangu siku ya ajali, la manjano, damu imekauka kifuani, na hakuna aliyethubutu kumwambia alivue. Sasa alikuwa ameshika mpini wa jiliwa, na katikati ya meno ya chuma ya jiliwa hilo kilikuwa kimebanwa kiganja cha fundi.

"Nakuuliza kwa adabu, shemeji. Nani kamuua Risasi?"

"Kama hii ndiyo adabu," fundi alisema huku akihema, "Mungu aniepushe na ufedhuli wako."

Mpini ukazunguka. Kidole kikalia kama kijiti kikavu. Fundi akapiga yowe lililogonga mabati ya gereji na kurudi.

Risasi alikuwa dereva, mdogo wake Kaka. Gari la mashindano alilijenga fundi, mume wa dada yao, na dada mwenyewe ndiye aliyewashonea wanaume hao watatu mashati ya timu. Fundi alifunga turbo kubwa kuliko ile ya kiwandani. Turbo hubana hewa, na hewa ikibanwa huchemka. Ikiingia ya moto kwenye injini yenye nguvu kiasi kile, pistoni hupasuka. Kwa hiyo kwenye mrija wa hewa alitia kipimajoto. Kikisema hewa ni ya moto, kompyuta hupunguza nguvu, injini ikapona. Lakini katika mzunguko wa mwisho pistoni ilipasuka, oili ikamwagikia matairi, na Risasi akaenda ukutani.

"Mkaguzi kaniambia," Kaka alisema. "Kompyuta ilikuwa inasoma hewa baridi mpaka injini inapasuka. Baridi! Kwenye jua lile! Kuna mtu alikidanganya kipimajoto. Na anayekijua kipimajoto hapa ni nani kama si wewe?"

"Shemeji, huo ndio mkono unaomlisha dada yako."

"Atakula kwetu!" Akampiga kichwa cha pua. Damu ikaruka juu ya spana zilizopangwa mezani. "Tulikupa dada, hukutosheka, ukataka na roho ya ndugu yetu!"

Fundi akatema jino. "Asubuhi ile mimi sikuligusa gari. Nilikuwa nahangaikia matairi."

"Ndiyo! Ukatuachia gari linatokota! Namba ya joto inapanda kwenye kioo cha kompyuta, Risasi anapiga kelele, 'Kaka, tunachemka!' Nani alikimbilia mfuko wa barafu? Mimi! Nikausogeza ule mfuko juu ya mrija, mara huku, mara kule, mpaka namba ikaporomoka. Nikaufunga palepale. Akacheka yule mtoto. Akaniambia, 'Kaka, leo tunapaa.' Ndilo neno lake la mwisho kwangu."

Fundi akafumba macho.

Kaka akaokota nyundo nzito ya kunyooshea chasisi. "Nimeapa juu ya kaburi bichi. Aliyefanya hivyo nampasua kichwa kwa nyundo hii, awe yeyote. Hata awe mama aliyenizaa. Sisemi tena, shemeji. Nani?"

Tone la damu likaanguka sakafuni, likafuatwa na jingine. Fundi akafumbua macho, akamtazama Kaka kwa muda mrefu, kama mtu anayepima mzigo kabla ya kuubeba.

"Ni mimi," alisema. "Nilikosea waya."

Nyundo ilishuka mara ya kwanza juu ya kiganja kilichobanwa. Haikuhitaji kurudia, mifupa ilisagika kama vigae. Kaka akaiinua tena, safari hii usawa wa paji la uso, na hapo mlango ukafunguka kwa kishindo. Dada akajitupa katikati, akamkumbatia mumewe kichwa.

"Pasua basi! Pasua na mimi, utuzike pamoja na Risasi!"

Nyundo ikasimama hewani. Kisha ikaanguka sakafuni. Kaka akamtemea fundi mate usoni. "Kuanzia leo huna shemeji," alisema, akatoka, bega lake tupu likikwaruza fremu ya mlango.

Dada akaurudisha mpini nyuma, polepole, akiuma midomo. Kiganja kikatoka kama kitambaa kilichokamuliwa. Akakifunga kwa kanga yake, machozi yakimchuruzika.

"Nimekusikia nje ya mlango ukikiri. Tangu nikujue hujawahi kukosea waya. Mkono wako ndio maisha yetu, na umeutoa kwa uongo. Unamficha nani?"

"Niache."

"Sikuachi. Nani alimuua mdogo wangu?"

Mwishowe fundi akaelekeza kidevu kwenye sanduku la vifaa lililo chini ya meza. "Nilikitoa mwenyewe kwenye gari, kabla mkaguzi hajafika," alinong'ona. "Tazama, kisha uchome moto. Na usiseme kwa mtu, maisha yako yote."

Dada akapiga magoti, akainua kifuniko. Kipimajoto kilikuwa bado kwenye kipande chake cha mrija, kimezongwa na mfuko wa plastiki uliopasuka. Mfuko ulikuwa umekazwa kwa kitambaa kilichojaa masizi. Akafungua fundo kwa meno, akakikung'uta kitambaa, akakikunjua mapajani.

Ulikuwa mkono wa shati la manjano, na pindo lake alilishona yeye.