Taa Chini ya Kitambaa

Fundi alipoondoka, Mama Godson alikifunika kile kisanduku cha intaneti kwa kitambaa cheupe cha kufuma, kama alivyofunika redio na makochi. Taa ya kijani ikawa inachungulia kwenye matundu ya uzi.

Kwa miaka minne mwanawe aliyeko Dar alimwambia neno lile lile: "Mama, ningekuwa nakupigia kila siku, ila mtandao wa huko Kasulu unasumbua." Ndiyo maana aliuza maharage yote ya msimu ili afungiwe intaneti nyumbani.

Saa mbili asubuhi akamtumia Godson picha ya kisanduku na ujumbe: "Mwanangu, sasa mtandao unashika vizuri. Nipigie nikuone."

Tiki mbili za bluu zikatokea papo hapo. Ameusoma. Mama Godson akavaa kilemba chake cha kanisani, akakaa, simu mapajani.

Saa tisa alasiri jirani akachungulia mlangoni. "Hodi, Mama Godson! Vipi, mwanetu kapiga?"

Taa ilikuwa ingali inawaka chini ya kitambaa. Mama Godson akapapasa nyuma ya kochi, akachomoa waya ukutani.

"Bado, dada," akasema. "Mtandao unasumbua."