Nani Atamfunika Florian

Kisu kilishuka ubaoni kwa kishindo, na wanawake wote jikoni wakaacha kupaka siagi.

"Rosella, hiyo nyama ilishakufa," Bernadine alisema. "Usiiue mara ya pili."

Rosella aliendelea kukata paja la nguruwe vipande vyembamba, kama alivyokata kwa kila msiba wa parokia tangu usichana wake. Juu ya vichwa vyao, kanisani, watu walisikika wakikung'uta theluji viatuni na kutafuta pa kukaa. Baada ya nusu saa jeneza la Florian Wenning lingefika mlangoni, lisimame, na mtu wake wa karibu kuliko wote angelitandazia kitambaa cheupe, ukumbusho wa ubatizo. Ndivyo wafu walivyopokelewa hapa.

Mtu huyo, Padri Kessler alikuwa amesema, hatakuwa Duane.

Duane alikuwa ameishi na Florian miaka ishirini na moja. Sheria ya serikali iliporuhusu, wanaume hao wawili walikwenda mahakamani wakafunga ndoa, na Jumapili iliyofuata Padri akahubiri dakika arobaini bila kuwataja majina. Hakukuwa na haja ya kuwataja.

Padri aliteremka ngazi, vazi la misa likining'inia mkononi.

"Rosella, mwili ukifika, uwe umeshavua hiyo aproni. Utatandaza wewe."

"Na Duane?"

"Duane nimempa nafasi benchi la mwisho. Kama rafiki wa marehemu."

"Rafiki!" Rosella alikiweka kisu chini. "Rafiki ndiye aliyekuwa akimbeba kumpeleka chooni? Rafiki ndiye aliyelala sakafuni miezi minne, asije Florian akaita asisikike?"

"Sikatai kwamba alimuuguza."

"Unakataa! Unamfuta mtu mbele ya jeneza la mwenzake, halafu utashuka hapa kunywa kahawa yetu."

Wanawake waliinamisha vichwa juu ya mikate. Padri alishusha sauti. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu ambaye hajalala.

"Unadhani nafurahi? Gazeti limeniita katili. Vijana wa kwaya wameondoka, kumi na mmoja. Kuna mtu ameniandikia kwamba Yesu angenitapika. Lakini ndoa sikuitunga mimi, Rosella. Ni mume na mke, mpaka kifo. Nikianza kulegeza kwa sababu nimemwonea mtu huruma, nitaishia wapi?"

"Anza kwanza na hiyo huruma, ndipo tuone utaishia wapi."

"Nawe mwaka ule wa kura ya kupinga ndoa kama yao ulisimika bango letu uani kwako. Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Rosella alilipigilia lile bango mwenyewe kwa nyundo, akitamani ardhi ile ingekuwa kifua cha mtu. Siku hizo alimwita Duane majina ambayo hajawahi kuyaungama. Kisha masika yaliyopita akapeleka supu, kwa kuwa kila mgonjwa wa parokia hupelekewa supu, akamkuta Duane amepiga magoti akimkata Florian kucha za miguu, taratibu, miwani ikimteleza puani. Aliiacha supu mezani, akatoka. Alikaa garini muda mrefu kabla ya kuwasha injini.

"Nilisimika," alisema. "Na nilikuwa na sababu kubwa kuliko zako. Kwa hiyo kuhusu Duane, Padri, usinifundishe hasira."

"Ukikataa, nitatandaza mwenyewe. Kitabu cha parokia ndicho kinachosema nani ni wa karibu, si mimi."

Akapanda ngazi, na hatua zake zilikuwa nzito.

Bernadine alisogea karibu. "Mwenzangu, mwache. Kati ya watu wote wa parokia hii, wewe ndiye wa kumpigania yule?"

"Angalia kahawa isimwagike," Rosella alisema, akivua aproni.

Kule juu jeneza lilikuwa limeshasimama mlangoni. Duane alikuwa benchi la mwisho, hatua nne tu kutoka pale, suti imempwaya, mikono ameibana katikati ya magoti kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Hakuinua macho.

Padri alimnyooshea Rosella kitambaa. Rosella alikipokea, lakini hakukikunjua.

"Kwanza niambie, Padri, na watu wote wasikie. Katika kitabu chako, mimi ni nani kwa Florian?"

Padri aliwatazama waumini, akamtazama tena Rosella. Hakuwa mtu wa kusema uongo.

"Mke wake," alisema. "Talaka ya mahakamani Kanisa halikuitambua. Wewe ndiye mjane."

"Basi mjane ameshaamua."

Alizitembea zile hatua nne, hasira ikiwa bado haijamtoka, akamwekea Duane kitambaa mikononi.

"Simama umfunike," alimwambia. "Ulipomchukua kwangu hukuniomba. Leo nakupa mwenyewe."