Gari Halisimami Njiani

Krr. Krr. Gizani, mwanamke alikuwa akichonga penseli kwa wembe.

"Panya huyo?" mama mkwe aliuliza kutoka chumba cha pili.

"Ni mimi, mama."

"Afadhali panya. Yeye hatafuti cheti." Lakini alicheka, na taa ikawaka. Alikwisha kuvaa hadi viatu. Ilikuwa siku ya kwanza ya maonyesho ya kilimo, na pikapu ya jirani ilikuwa inaunguruma nje. "Mtoto nakuachia. Nakwenda kuona ng'ombe anavyokamuliwa na mashine. Mwaka mzima nimeisubiri siku hii."

"Na mimi mwaka mzima nimeusubiri mtihani."

"Basi nenda naye, akakusaidie kujibu."

Mtihani ulikuwa saa tatu asubuhi. Mwaka jana aliukosa, kwa sababu binti yake alilazwa siku ileile. Kanuni ya shule ya jioni ilibandikwa kwenye ukuta wa shule, nyeusi kwa herufi nene: anayekosa mara mbili, jina lake linafutwa. Miaka mitatu ya kufua mashuka ya watu mchana, na kusinzia juu ya daftari jioni, ingefutwa pamoja nalo.

Kituoni hakukuta basi la kawaida hata moja. Yote yalikuwa yamechukuliwa kupeleka watu uwanjani. Mpanga magari, filimbi shingoni, alimsukuma kwa upole yeye na bintiye. "Panda hili la maonyesho, dada. Linapita mlangoni kabisa pa shule yenu."

Alisema kweli. Hakusema tu kwamba linapita bila kusimama.

Mlango ulikuwa umekwisha kufungwa alipomwomba dereva amshushe shuleni.

"Gari maalumu halisimami njiani," dereva alisema, macho barabarani. "Likijaa kituoni, linafunguliwa uwanjani. Hapa katikati hata mimi nikibanwa na haja, nakaza meno."

Abiria wakacheka. Yeye hakuweza. Kiwiko cha mtu kilikuwa ubavuni, kapu la mtu kifuani, na vioo vya madirisha havikuwa vya kufunguka. Bintiye wa miaka minane alijipenyeza hadi kwenye magoti ya mama mmoja wa miwani, aliyeketi nyuma ya dereva akiwa ameukumbatia mkoba mweusi.

"Shikamoo, bibi," mtoto alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Unakwenda kuona ng'ombe?"

"Mimi siruhusiwi kusema ninakokwenda," mama wa miwani alijibu, akaitazama saa yake.

Mgongo wa dereva ukanyooka.

Saa mbili na nusu. Foleni ilikuwa ndefu, magari yakisogea kama konokono. Mama wa mtoto akainama hadi sikioni kwa dereva. "Kaka yangu, nakusihi. Ukifika shuleni punguza mwendo tu, nitaruka na mwanangu. Sekunde moja. Nikiukosa mtihani huu nimekwisha."

"Dada, ningekuwa peke yangu ningekufungulia," dereva alinong'ona. "Unamwona huyo wa miwani? Mkaguzi. Tumeambiwa leo wanapanda kwa siri, mtu kimya na mkoba wake. Mwaka jana nilimshusha mzee mmoja njiani, nikasimamishwa kazi miezi mitatu. Nina wanne nyumbani, na mama yao hacheki na njaa."

Mwanamke akageuka kumtazama yule mama wa miwani. Alikuwa ametoa kidaftari, akaandika kitu kifupi, akatazama saa tena. Midomo yake ilifunguka, kana kwamba anataka kusema neno. Kisha akamwangalia dereva, akaangalia mlango uliofungwa, akaifumba.

Roho yake haina hata tone la huruma, alijisemea. Anasubiri tu nimponze huyu kaka wa watu.

Saa tatu kasoro tano. Akaanza kujifanyia mtihani kichwani, ili asilie. Sehemu nne kati ya tano ni asilimia ngapi? Themanini. Moyo una vyumba vingapi? Vinne. Mtu akifungiwa, afanye nini? Hilo halikuwa kwenye muhtasari.

Saa tatu na dakika kumi, shule ikaonekana.

Basi lilikuwa linatambaa. Aliliona lango, akaona ukuta wenye kanuni, akawaona hata wenzake: fundi cherehani, mlinzi wa benki, yule dada wa saluni anayekopi kila zoezi. Wote walikuwa bado nje, penseli mikononi, wameligeuzia lango mgongo, wanatazama barabara.

"Bado hawajaingia!" alipiga kelele. "Kaka, bado! Nifungulie!"

"Mfungulie jamani," mzee mmoja alisema nyuma. "Kwani mlango ni wa baba yako?"

"Mlango si wa baba yangu, lakini kazi ni yangu," dereva alijibu, huku akimtupia jicho mama wa miwani kwenye kioo. Mama wa miwani alikuwa amesimama nusu, ameshika chuma cha kiti, uso umempauka. Dereva aliona tu kwamba amesimama. Akaongeza mwendo.

Lango likapita. Dada wa saluni aliwapungia mkono watu wa maonyesho, bila kumtambua.

Alipiga kioo kwa kiganja mara moja, kisha akaacha. Alitaka kuketi sakafuni, lakini hapakuwa na nafasi hata ya kuanguka.

Mbele yao gari likafunga breki ghafla. Basi zima likaegemea mbele, mkoba mweusi ukamponyoka mama wa miwani, ukafunguka sakafuni. Bahasha kubwa nene iliteleza hadi miguuni pa mtoto, imegongwa lakiri nyekundu pande zote. Mtoto akaiokota, akaipangusa vumbi kwa gauni lake, akaigeuza.

"Mama," alisema, "hapa pameandikwa Mtihani wa Shule ya Jioni."