Dole Gumba la Mwanamkuu

Swali la tisa la Uraia nilikuwa nimeshalijibu daftarini: ardhi ya kijiji haigawiwi mpaka mkutano mkuu wa kijiji uidhinishe. Mtihani ulikuwa Jumatatu.

Baba akaingia na karatasi zake za uenyekiti wa kijiji.

"Una mwandiko mzuri, mwanangu. Ninakilie huu muhtasari upesi. Mgeni anayetaka shamba yuko njiani kutoka Kibiti."

"Mkutano ulifanyika lini, baba?"

"Andika tu. Majina yatoe kwenye orodha ya mwaka juzi."

Nikaandika. Bonde lote la mpunga, toka mtoni hadi barabarani, limetolewa kwa kauli moja. Kisha waliohudhuria: wa kwanza, wa kumi, wa thelathini.

Wa arobaini na moja alikuwa Mwanamkuu, mama mzazi wa baba. Tulimzika masika iliyopita, kaburi likaingia maji kabla hatujamaliza kufukia.

Nikamwonyesha. Baba aliliangalia lile jina mpaka nikadhani atalikata.

Akafungua kikopo cha wino wa mhuri.

"Hakujua kuandika," akasema bila kunitazama. "Alikuwa anaweka dole gumba. Lete lako."

Pikipiki ikazimwa uani.

Nikamshika mkono yeye, nikalibonyeza dole lake kwenye wino, nikalipeleka mpaka juu ya jina, nikaliachia.

"Weka wewe, baba. Wewe ndiye mwanawe."

"Hodi!" mgeni akaita mlangoni.

Dole la baba lilikuwa bado hewani, la zambarau.

"Hodi wenyewe!"