Mita Arobaini

Arobaini tena! Mwalimu Bernado alisonya, akaitupa karatasi juu ya zenzake.

Swali lenyewe jepesi mno. Jiwe limerushwa wima kwenda juu kwa kasi ya mita ishirini kwa sekunde. Litapanda umbali gani kabla ya kuanza kurudi chini? Jibu, mita ishirini. Sasa Kidato cha Nne kina wanafunzi thelathini na wawili, na thelathini na mmoja wameandika arobaini. Jiwe gani hilo, lina mabawa? Na wameandika nyuma ya fomu kuukuu za kununulia pamba, maana mwaka huo madaftari yalikuwa hayaonekani dukani, na fomu zenyewe zinanuka jasho. Kinyaa kitupu!

"Mtihani wa moku umevuja," alisema Mkuu wa shule, mzee Makongoro, akiwa amesimama mlangoni. "Kabla ya saa sita nataka jina la aliyeuvujisha. Huyo hafanyi mtihani wa taifa, labda mimi nisiwepo hapa."

"Utalipata, Mkuu. Uchafu huu unanitia kichefuchefu."

Aliyepata ishirini alikuwa Boke peke yake, binti wa mfugaji wa Butiama, ambaye wenzake walishazoea kumwita Daktari kwa jinsi alivyoutaka udaktari. Bernado akamwita.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wenzako hiyo arobaini wameitoa wapi?"

Boke akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwakunjwa. Ilinuka samaki.

"Wanauziwaga hii, Mwalimu, kwa mama anayekaanga sangara pale stendi. Mimi sijanunua, nimeiokota. Kanuni iko sawa, v mraba kugawanya kwa mbili g, ila mafuta yamefuta ile mbili, na wote wamenakili hii hii. Ndiyo maana jibu limekuwa maradufu."

Bernado aliishika kwa ncha za vidole, kama mtu anayetoa panya mfu mtungini. Mafuta yakamganda vidoleni. Ptuu! Mtihani mzima, na akili zote zilizoutunga, mtu anaufungia samaki!

"Umeshamwonyesha mwingine?"

"Hapana, Mwalimu. Nimeleta kwako kwanza."

"Umefanya vizuri sana, binti yangu. Rudi darasani."

Alipita ofisini kwa Mkuu, hakukaa hata dakika mbili, akatoka getini mbiombio. Hadi anafika stendi ya Bunda shati lilikuwa limemganda mgongoni na hasira hazijapungua hata kidogo. Muuza samaki alikuwa ameinama juu ya karai, anageuza vipande. Bernado akamtupia ile karatasi miguuni.

"Mke gani wewe! Si nilikwambia karatasi zangu uziuze kavu, usizifungie samaki? Shukuru Mungu wako Mkuu amelikubali jina la Boke."